Sababu ya Nne

Mwalimu wa historia wa kidato cha nne hakuwa akifundisha, alikuwa anafundishiwa. Kazi hiyo ilifanywa na binti wa miaka kumi na saba, mwembamba kama ufito, mwenye mwandiko uliowafanya wageni wadhani ubao umepigwa chapa. Wenzake walimwita Chaki. Jina lake halisi lilibaki kwenye rejista, likipumzika.

Utaratibu ulikuwa huu. Mwalimu anaingia, anaitikia shikamoo ya watu sitini na wawili, anasema "Katika karne iliyopita," anakohoa, kisha anamkabidhi Chaki daftari na vipande viwili vya chaki, naye anarudi ofisi ya walimu kumalizia gazeti. Kwa sababu ya sentensi hiyo moja, ambayo hakuwahi kuifikisha mwisho, mwalimu mwenyewe aliitwa Karne. Chaki anaandika ubaoni, wenzake wananakili, kengele inalia, kiranja anafuta. Maarifa yalisafiri kama ndoo za maji kwenye nyumba inayoungua: kila mtu anapokea na kupitisha, hakuna anayekunywa.

Daftari lenyewe Karne aliliandika akiwa chuoni, miaka ishirini na sita iliyopita, akalivalisha jalada la turubai. Kurasa zake zilikuwa na rangi ya mkate ulioungua pembeni. Wanafunzi waliliita Katiba, kwa kuwa kila mtu aliitaja na hakuna aliyeisoma.

Jumanne moja, kipindi cha pili, Chaki aliandika kichwa cha somo: Sababu za Uasi wa Machimbo. Huo ni uasi wa wavunja mawe waliowatimua wasimamizi wa mkoloni. Moja, kodi ya kichwa. Mbili, viboko. Tatu, kunyang'anywa mashamba. Nne, kuuawa kwa... Hapo ukurasa wa arobaini na nane ukaisha. Akafunua. Akakutana na ukurasa wa hamsini na moja, unaoanza kama mtu aliyeingia chumbani huku anaongea: "na siku hiyohiyo machimbo yote yakanyamaza." Katikati palibaki meno ya karatasi iliyochanwa.

Mtu mwenye akili zake angekwenda kuuliza. Chaki alikwenda.

"Mwalimu, samahani. Kuna karatasi haipo."

Karne hakuinua macho kutoka kwenye habari za michezo. "Haipo wapi?"

"Kwenye daftari. Sababu ya nne imekatika."

"Chaki, wewe umezaliwa jana? Andika kinachofuata."

"Lakini mwalimu, kinachofuata..."

"Mwaka jana alikuwepo mwenzako aliyegundua kasoro kwenye daftari langu. Unajua yuko wapi?"

Chaki alijua. Alikuwa anarudia kidato cha tatu.

Alirudi darasani, akakuta kalamu sitini na moja zimesimama hewani. Aliyekaa naye dawati moja alikuwa msichana aitwaye Redio, ambaye habari ikimwingia sikioni haikai hata dakika moja kabla ya kutokea mdomoni. "Kuuawa kwa nani, mwenzangu?" Redio akauliza. "Mkono umeshaanza kuota mizizi huku."

Chaki akaugeukia ubao. Alikusudia kuandika "mtu mmoja" tu, apite. Lakini mwandiko mzuri una kiburi chake, haupendi kuandika upuuzi. Mkono ukaandika: Bi Nyundo.

Na ukishamtaja mtu, huwezi kumwacha amesimama mlangoni. Bi Nyundo alikuwa mjane, mvunja mawe. Msimamizi alimtaka aitoe nyundo aliyoachiwa na marehemu mumewe, akakataa, akapigwa risasi mchana kweupe, mbele ya wenzake. Sentensi tatu, nukta. Mvulana wa dawati la mwisho, ambaye hakuwahi kuamka tangu muhula uanze, aliinua kichwa akauliza, "Walimpiga risasi ngapi?"

"Mbili," alisema Chaki.

"Washenzi," alisema mvulana, akaandika mbili.

Ingeishia hapo, isingekuwa kitu. Lakini baada ya wiki mbili Karne alitoa jaribio, na katika kila karatasi aliyosahihisha, Bi Nyundo alikuwa anamsubiri. Karatasi ya kwanza alikunja uso. Ya pili akakuna kidevu. Ya tano, kwa kuwa hakuna mwalimu anayeweza kukiri kwamba wanafunzi wake wanajua kilichomo kwenye daftari lake kuliko yeye, akaweka vema. Kufika ya arobaini alikuwa tayari anawakata alama waliosahau nyundo ilikuwa ya marehemu mumewe.

Siku aliyorudisha karatasi alifanya jambo ambalo halijawahi kutokea: alibaki darasani dakika sita. "Huyu mama," alisema, akizungusha chaki kidoleni, "ndiye roho ya uasi. Kama nilivyowafundisha."

Redio alimpiga Chaki kiwiko cha mbavu. Yeye alikuwa ameshaambiwa siri yote, kosa ambalo Chaki alilijutia kabla hajafunga mdomo. "Sikia huko," alinong'ona. "Umezaa, na baba kakubali mtoto."

Chaki hakucheka. Usiku hakulala vizuri, na mchana alikuwa akiona kama ubao unamkodolea macho. Kila siku alijiambia atakwenda kusema kesho, na kesho haikosi kesho yake. Halafu ukaja mtihani wa majaribio wa wilaya nzima, shule ishirini, na zamu ya kutunga karatasi ya historia ikamwangukia Karne. Swali la tano lilisomeka hivi: "Eleza mchango wa Bi Nyundo katika Uasi wa Machimbo. Alama ishirini."

Katika shule kumi na tisa, watahiniwa walisoma swali hilo, wakatazamana, wakatazama dari. Wengine waliandika kuhusu nyundo. Mmoja alichora.

Malalamiko yalifika ofisi ya elimu yakiwa na mihuri. Ijumaa, tangazo likabandikwa mlangoni pa ofisi ya walimu: Jumatatu, kipindi cha tatu, mkaguzi ataingia darasa la historia, kidato cha nne. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki tano. Karne alikuwa amebakiza miezi minne astaafu.

"Hapa kuna njia mbili," alisema Redio walipokuwa wakitoka getini. "Unasema, unafukuzwa. Au unaandika ukurasa uliopotea, unaupaka chai uzeeke, unauchomeka mahali pake. Mwandiko wa Karne unaujua kuliko mkewe."

"Na wakigundua?"

"Nani agundue? Hao watu wanasoma mihuri, hawasomi maneno."

Mama yake Chaki alikuwa fundi cherehani. Walikaa vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha sare za shule: sketi zimetundikwa ukutani, kola zimepangwa kwenye sinia, vifungo kwenye mikebe ya maziwa ya unga. Mama mwenyewe aliondolewa shuleni wiki tano kabla ya mtihani huohuo, Chaki akiwa tumboni. Hakuwahi kulizungumza jambo hilo zaidi ya mara moja. Ila kila mwaka, siku ya mtihani wa kidato cha nne, alifunga cherehani asubuhi yote, akakaa mlangoni akitazama wasichana wakipita na rula zao.

Jumapili mchana alimkuta bintiye ameinamia meza ya kupigia pasi.

"We mtoto, unapiga pasi nini?"

"Karatasi, mama."

"Karatasi inakwenda harusi ya nani hata ipigwe pasi?" Akasogea, akanusa. "Na chai umeimwaga humo. Hiyo barua ya mwanamume?"

"Hapana, mama. Inamhusu mwanamke. Tena kafa."

"Basi afadhali," alisema mama, akarudi kwenye cherehani. Baada ya pindo moja akauliza bila kugeuka, "Kadi yako ya mtihani ishatoka?"

"Iko kwa mwalimu mkuu. Watagawa wiki ijayo."

"Haya. Usiniangushe, mwanangu." Akakanyaga cherehani.

Kazi, iliyofanywa kando ya daftari alilobaki nalo tangu Ijumaa, ilikuwa safi kiasi cha kutisha. Zile herufi za Karne zilizolala chali, ile nukta yake kubwa kama punje ya mtama, hata jino la karatasi alilichana likalingana na meno yaliyobaki. Chaki aliutazama ukurasa wa arobaini na tisa. Hakuuchomeka. Alijiambia atauchomeka asubuhi. Asubuhi akajiambia mapumziko. Kipindi cha tatu kilipogongwa, daftari lilikuwa juu ya dawati na ukurasa ulikuwa mfukoni mwa sketi, umekunjwa mara moja, ukimchoma paja kama kaa la moto.

Mkaguzi alikuwa bwana mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, kama mtu anayetaka kuona na kuonekana anaona. Mwalimu mkuu alikaa karibu na mlango, mama mnene mwenye mkufu wa funguo, akitoa tabasamu la mtu anayebanwa na kiatu. Karne alisimama mbele amevaa tai. Darasa halikujua kwamba ana tai.

"Shule kumi na tisa zimepata sifuri swali la tano," alianza mkaguzi. "Shule moja imepata kumi na tisa kwa ishirini, darasa zima. Ama hapa mnakaa malaika, ama kuna jambo. Nani ataniambia Bi Nyundo ni nani?"

Mikono yote ikapanda. Akachaguliwa mvulana wa dawati la mwisho. Akasimama, akaeleza ujane, nyundo, msimamizi, mchana kweupe, risasi mbili. Sauti ilimkatika kwenye risasi ya pili. Wasichana wawili walifuta macho.

"Vizuri sana," alisema mkaguzi, akabadilisha miwani. "Mwalimu, mimi nimesoma historia. Huyu mama sikumwona. Wewe ulimpata wapi?"

"Chuoni," alisema Karne.

"Una hakika?"

"Mheshimiwa, nakumbuka mpaka siku. Mhadhiri wetu, Mungu amrehemu, alipofika pale pa nyundo alivua kofia. Sisi vijana tulilia. Nililiandika somo hilo kwa mkono wangu huu."

Chaki alimtazama usoni, na hapo ndipo damu ilipomwisha. Angemwona anababaika, angepata nguvu; mwongo humfichia mwongo mwenzake. Lakini Karne hakuwa anadanganya. Macho yalikuwa yamemlowa. Alikuwa anaiona ile kofia.

"Sawasawa," alisema mkaguzi, akifungua kalamu. "Basi nitafanya hivi. Akiwa yumo kwenye daftari lako, jina lake linapanda juu, shule zote zitafundishwa. Akiwa hayumo, mwalimu, umetunga historia na kuwapa sifuri watoto wa watu elfu mbili. Kazi yako inaishia leo, si baada ya miezi minne. Lete daftari."

"Chaki," alisema Karne, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayeagiza maji. "Mpe."

Kutoka dawati la tatu hadi mbele ni hatua saba. Redio alimkanyaga mguu kumwambia sasa hivi, chomeka. Hatua ya kwanza Chaki aliingiza mkono mfukoni. Ya pili vidole vikaushika ukurasa. Ya tatu alimwona mama yake amekaa mlangoni na cherehani imefungwa. Ya nne aliwaona watoto wa shule ishirini, na wanaokuja baada yao, wameinamisha vichwa wakinakili risasi mbili. Ya tano na ya sita hakumwona mtu. Ya saba mkono ulikuwa umetoka mfukoni, mtupu, umelishika daftari.

Mkaguzi alifunua. Arobaini na saba. Arobaini na nane. Akalamba kidole. Hamsini na moja. Akarudi nyuma, akalamba tena.

"Arobaini na tisa iko wapi?"

Karne alisogea, akainama juu ya daftari lake kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Funguo za mwalimu mkuu zilitingishika mara moja, zikatulia.

"Haikuwepo," alisema Chaki. "Ni mimi. Mwalimu hajui. Bi Nyundo nilimtunga pale ubaoni."

"Mwongo!" alipiga kelele mvulana wa dawati la mwisho. "Ulisema mbili! Mimi nimeandika mbili!"

"Na hii," aliendelea Chaki, akautoa ukurasa mfukoni, maana ukishaanza kutapika, tapika yote, "niliitengeneza jana, niichomeke. Nimeshindwa."

Mkaguzi aliuweka kando ya meno ya daftari. Ulilingana. Akaunusa. "Umepaka nini?"

"Chai, mheshimiwa."

"Ya rangi au ya maziwa?"

"Ya rangi."

"Ya maziwa ingenuka," alikubali mkaguzi.

Mama aliitwa. Alifika ofisini kwa mwalimu mkuu na futi ya kupimia shingoni na nyuzi za bluu begani, akakaa kwenye ncha ya kiti. Juu ya meza palikuwa na kadi ya mtihani ya bintiye, yenye picha. Mwalimu mkuu alikuwa ameibana kwa vidole viwili.

"Mama mtoto, sitazunguka. Kughushi, kupotosha darasa, kuaibisha shule. Anafukuzwa. Kadi inarudishwa wilayani leo."

Chaki aliitazama kadi. Karne alikuwa amekaa pembeni, tai imelegea, daftari mapajani. Mkaguzi aliandika.

"Mwalimu mkuu," alisema mama, taratibu, "mwanangu ni mwongo, hilo silikatai, na nyumbani atanieleza. Ila naomba kuuliza, maana mimi shule sikuimaliza. Mtoto alipokuwa anaandika huko ubaoni, mwalimu alikuwa wapi?"

Karne akalifunika daftari kwa viganja.

"Nauliza tu. Mimi nikimpa mwanagenzi mkasi akakata kitambaa cha mteja, mteja hamfuati mwanagenzi."

Kalamu ya mkaguzi ikasimama. "Hili swali ni zuri," alisema. "Nikiandika kwamba mwanafunzi alitunga somo, mstari wa pili lazima niandike kwa nini mwanafunzi ndiye aliyekuwa anafundisha. Na mstari wa tatu, kwamba mambo haya yameendelea miaka mingapi chini ya nani." Akazipandisha miwani zote mbili kwenye paji. "Mwalimu mkuu, niandike mstari wa kwanza?"

Mwalimu mkuu alikuwa mwalimu wa hesabu, na hesabu hii aliipiga upesi. Kadi ikaanza kuteleza juu ya meza, polepole, kama inakwenda yenyewe.

"Mtoto ni mtoto," alisema. "Atafyeka nyasi za uwanja. Wote. Na mwalimu amalize miezi yake minne, ila aandike mwenyewe."

Mama aliichukua kadi kabla haijabadili mawazo, akaitia kifuani.

"Lakini watahiniwa waambiwe ukweli," alisema mkaguzi. "Sababu ya nne hasa ni ipi? Aliuawa nani?"

Mwalimu mkuu alimtazama Karne. Karne alimtazama mkaguzi. Mkaguzi, aliyesoma historia, alitazama dirishani. Wakafungua kabati la vitabu. Ndani mlikuwa na vikombe vya michezo, ndoo ya rangi na taarifa za vikao.

"Sababu tatu zinatosha," alisema mwalimu mkuu, akafunga kabati.

Jumanne ya wiki iliyofuata Karne aliingia darasani bila tai na bila daftari. Katiba ilikuwa imechukuliwa wilayani kama kielelezo. Amri mpya ilikuwa imebandikwa: mwalimu ataandika mwenyewe. Chaki alikaa kwenye dawati lake, malengelenge ya fyekeo viganjani, kadi ya mtihani nyumbani chini ya cherehani. Wiki nzima hakuna aliyemsemesha isipokuwa Redio, na Redio hahesabiki, angesemesha hata ukuta. Mvulana wa dawati la mwisho alikuwa amerudi kulala, amewapa watu wote mgongo.

Karne aliandika. Mwandiko ulipanda kama njia ya mbuzi, ukashuka, ukakwama kwenye kona ya ubao. Chaki, ambaye hakuwa amenakili kitu tangu kidato cha kwanza, alinakili. Moja, kodi ya kichwa. Mbili, viboko. Tatu, kunyang'anywa mashamba. Karne akaweka nukta yake kubwa, akafuta mikono.

Chaki akanyoosha mkono.

Redio akamvuta sketi chini ya dawati: kaa, utatuua.

"Unasemaje?" alisema Karne.

"Mwalimu, samahani. Na hizi tatu, tulizijuaje?"

Karne aligeuka kuutazama ubao. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akafungua mdomo kama anayetaka kusema katika karne iliyopita, akaufunga. Chaki alingoja kutolewa nje.

"Sijui," alisema Karne.

Kalamu sitini na moja zikashuka kwa pamoja, zikaandika.